Thamostati ya shilingi mia

Sufuria ilikuwa ile nzito ya ugali, na ndani yake kulikuwa na maji na thamostati tatu za Toyota, vijidude vya kusimamia joto la injini, zilizotoka kwenye ndoo ya yadi ya skrapu. Nilikuwa nimeazima kipimajoto cha maabara ya shule, kile kirefu kinachofika digrii 110, nikakifunga kwa uzi kwenye mwiko ili ncha isiguse chini. Watoto walijipanga mlangoni kama watu waliokuja kuona mtoto mchanga. Mke wangu alichungulia mara moja, akaona maji yanaanza kupata rangi ya chai ya mkandaa, akasema, "Hiyo sufuria usinirudishie," akaenda zake.

Nitarudi jikoni. Kwanza gari lenyewe, na petroli lililokuwa likinywa.

Ni Toyota Starlet, toleo la EP82, namba inaanza na KAQ. Injini ni 4E-FE ya cc 1,331, ndogo, ngumu, isiyo na makuu. Nililinunua kwa mwalimu mwenzangu aliyepata uhamisho, naye alikuwa amelinunua kwa kijana mmoja aliyelipamba kwelikweli: rimu za inchi 15, matairi mapana, spika nyuma, na kibandiko cha miale ya moto ubavuni. Giaboksi ilikuwa otomatiki ya gia tatu. Gia tatu tu, jamani. Ukifika kasi ya 80 injini inalia ikiomba ya nne, na ya nne haipo.

Ninaishi Mamboleo, Kisumu, na ninafundisha fizikia upande wa Mbale, Vihiga. Anayeijua barabara hiyo ameshanionea huruma. Ukitoka Mamboleo unaanza kupanda papo hapo, Kiboswa unaipita ukiwa bado unapanda, na ukifika Majengo unatamani sweta. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya bahari. Mbale imeizidi kwa zaidi ya mita 400. Kwenda na kurudi ni kilomita 45 hivi, siku tano kwa wiki. Ongeza soko, kanisa, na matanga ya hapa na pale ambayo huku kwetu hayakosekani, mwezi unakula kilomita 1,000.

Tarehe 14 ya kila mwezi EPRA, mamlaka ya Kenya ya nishati na petroli, hutangaza bei za mafuta. Oktoba 2023 petroli ilitua kwenye shilingi 217.36 kwa lita Nairobi, na Kisumu ikawa papo hapo. Miezi michache kabla, Sheria ya Fedha ya 2023 ilikuwa imepandisha kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. Mshahara wangu haukuwa umepata habari hizo.

Hapo ndipo nilipoanza daftari. Utaratibu ni rahisi ila unataka subira: unajaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe mara ya kwanza, unaandika kilomita, unaendesha mpaka tangi likaribie kwisha, unarudi sheli ileile, pampu ileile, unajaza tena mpaka ijikate. Kilomita ulizotembea gawanya kwa lita ulizojaza. Ukifanya mara moja umebahatisha. Ukifanya mara tatu unaanza kuuona ukweli. Wangu ulikuwa kilomita 10.1 kwa lita, na hiki ni kigari ambacho ukikiegemea kinasogea.

Fundi wangu ninamwita Jaduong', yaani mzee kwa Kijaluo, si kwa umri tu bali kwa mikono yake, ambayo ilizeeka kabla yake. Ana kivuli cha mabati karibu na Kibuye, kijana mmoja wa spana, na redio isiyozimwa. Nilipompelekea daftari alilitazama kama mtu anayeoneshwa picha za harusi ya watu asiowajua.

"Mwalimu, hii gari ni nzima. Inakunywa kwa sababu ni otomatiki. Otomatiki ni mlevi."

"Na huu mshale wa joto, mbona hauinuki?"

"Si ndiyo vizuri? Gari baridi haina shida."

Kusema kweli nami nilikuwa nikijivunia jambo hilo. Wenzangu walisimama Kiboswa bonneti wazi, mvuke juu, mtungi wa maji mkononi, nami nikiwapita mshale wangu umelala chini kabisa. Sikujiuliza. Mtu anayefundisha joto kwa riziki yake alipaswa kujiuliza.

Jioni moja nilifungua kifuniko cha pale thamostati inapokaa. Ndani hamkuwa na kitu. Pengo tupu, kama la mtoto aliyeng'oka meno ya mbele.

Kwa wasioijua: thamostati ni kijidude kinachotosha kwenye kiganja, na kazi yake ni kuwa mlango. Injini ikiwa baridi mlango umefungwa, maji yanazunguka ndani ya injini tu na kupata moto haraka. Yakishapata joto, nta iliyo ndani ya kile kijidude inayeyuka, inatanuka, inasukuma kijiti, mlango unafunguka na maji yanakwenda kupozwa kwenye radieta. Ukiing'oa, maji yanapita radieta tangu sekunde ya kwanza na injini haipati joto lake kamwe, hasa ukiwa unateremka kutoka Majengo asubuhi ya mvua. Sasa injini za sindano, zile zinazopuliziwa petroli kwa amri ya kompyuta, zina sensa inayopima maji na kuiambia kompyuta hali ilivyo. Yangu ilikuwa ikisema "bado baridi" kutoka nyumbani mpaka shuleni, na kompyuta, ambayo inaamini inachoambiwa, ilikuwa ikiongeza petroli safari nzima. Waliowahi kuwa na kabureta wataelewa haraka: ni kama kutembea na choki umeivuta kutwa.

Kwa nini mtu aing'oe? Kwa sababu gari lilichemka siku moja. Huku kwetu gari likichemka, dawa ya kwanza ni kung'oa thamostati na kuitupa. Gari linapoa, mteja anafurahi, fundi analipwa. Bili halisi inakuja pole pole, kwenye sheli, na hakuna anayeiunganisha na siku ile.

Jaduong' aliniambia ninunue mpya, na huo ndio ushauri wa maana. Msomaji, nunua mpya. Lakini Jumamosi hiyo nilikuwa yadi natafuta kitu kingine, kijana wa pale akanionesha ndoo ya vikorokoro, na humo zilikuwemo tatu za saizi yangu. Mia kila moja. Zote zimechongwa 82 mgongoni, yaani digrii za kufungukia. Nikasema, basi tuone kama zinakumbuka.

Maji yalipofika 68 ya kwanza ilishakuwa wazi kabisa, springi yake imechoka. Ya pili haikutikisika. Ya tatu nayo ilinyamaza mpaka nikaanza kuikatia tamaa. Kisha kipimajoto kikisoma 81 ikafanya ufa mwembamba kama jicho la paka anayesinzia, na kufikia 90 ilikuwa imefunguka yote. Watoto wakapiga makofi. Ile ya pili niliiacha mpaka maji yakatokota, na ilibaki imefungwa kama kaburi. Iliyonisisimua zaidi, na hapa mnivumilie, ni kwamba maji yalitokota kwenye 96, si 100. Binti yangu wa darasa la sita alidai kipimajoto ni kibovu. Si kibovu. Tuko juu ya bahari zaidi ya mita 1,100, hewa inayokandamiza maji ni nyepesi kuliko ya Mombasa, kwa hiyo yanachemka mapema. Ndiyo maana pia kifuniko cha radieta kina springi ya kushikilia presha. Kifuniko kilichochoka, kwenye milima hii, kinakuchemshia gari hata kama kila kitu kingine kimekaa sawa.

Nikafunga ile ya mia. Gasketi 150, maji ya radieta ya rangi 900. Jumatatu mshale ulipanda mpaka katikati na kutulia pale, na hita ya gari, ambayo nilidhani imekufa, ikapuliza joto.

Jumatano, kwenye msongamano wa Kondele, gari likachemka.

Nilisimama kando, bonneti wazi, mvuke juu, mtungi wa maji mkononi. Nilijua wenzangu watapita na walipita. Jaduong' alikuja kwa bodaboda, akasikiliza kidogo, akasema, "Feni haizunguki." Akachomoa waya wa swichi ya joto, na feni ikaruka ikaanza kunguruma. Swichi ilikuwa imekufa, haiiambii feni kwamba maji yamepata moto. Miaka yote hiyo ugonjwa ulikuwa pale. Fundi wa kwanza hakuutibu, alimwondolea mgonjwa kiungo. Swichi nyingine tuliing'oa kwenye Corolla iliyogongwa nyuma, shilingi 200.

Tangi tatu baadaye daftari lilisoma 11.5.

Breki na magurudumu nitayapita haraka kwa sababu hayana visa vingi. Ukimaliza safari, weka kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa na moto kuliko wenzake, breki yake haiachii. Yangu ilikuwa ya mbele kushoto, pini za kuteleza zimeshika kutu, na pini nzima nilizipata yadi kwa 600. Rimu za inchi 15 niliziuza pamoja na matairi yake kwa shilingi 18,000, nikanunua nne za chuma za inchi 13 kutoka Starlet zilizokufa, 900 kila moja. Kabla ya kulipa nilizungusha kila rimu kwenye ekseli nikiwa nimeshika kipande cha waya karibu na ukingo; rimu iliyopinda inakaribia waya na kuuacha, inakaribia na kuuacha. Mbili nilizirudisha. Matairi nilinunua mapya, membamba, saizi 155/80. Tairi la mtumba silinunui hata kwa bure. Ubavuni kuna tarakimu nne za mwisho za msimbo unaoanza na herufi DOT, wiki na mwaka wa kutengenezwa, na zile nilizooneshwa yadi zilikuwa na umri wa kwenda sekondari.

Nilikuwa na wasiwasi kwamba kubadilisha tairi kutavuruga mita ya kilomita na kuharibu hesabu yangu. Nikakaa chini: 195/50 ya inchi 15 ina kipenyo cha milimita 576, na 155/80 ya inchi 13 ina 578. Karibu sawa. Daftari likabaki halali, likasoma 12.4.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote kilitoka kwenye Benzi.

Ilikuwa Mercedes 190, au mabaki yake, imekalia matofali na miche ya mbaazi imeota mlangoni. Kwenye dashibodi za Benzi za enzi ile kulikuwa na mita ndogo ya uchumi wa mafuta. Si ya umeme. Inaunganishwa kwa kipira chembamba na manifoldi, pale injini inapovuta hewa, na inapima mvuto wenyewe. Ukikanyaga kidogo, injini inavuta kwa nguvu dhidi ya mlango wa hewa ulioegeshwa, na mshale unakaa pazuri. Ukikanyaga sana, mlango unakuwa wazi, mvuto unakufa, na mshale unaingia kwenye wekundu. Kijana wa yadi hakujua ni kitu gani, akataka mia tano kwa sababu ni cha Benzi. Nikalipa bila kubishana, jambo lililomtia shaka.

Nikanunua tii ya plastiki (kiungo cha njia tatu) na mita moja ya mpira, mia mbili, nikakata mpira wa manifoldi na kuchomeka. Nyumba ya mita niliitengeneza kwa kopo la Kiwi, lile la rangi ya viatu, nimetoboa kitako kwa msumari na kupaka rangi nyeusi. Limekaa juu ya dashibodi upande wa kulia. Kila anayepanda huuliza. Kwa mwezi wa kwanza nilikuwa nikitazama kopo kuliko barabara, na nilijifunza jinsi mguu wangu ulivyo mkorofi: nilikuwa nikikimbilia matuta nikijua wazi ni matuta, nikifukuza matatu nisiyo na ugomvi nayo. Mguu ukatulia. 13.2.

Na hapa nikiri kosa, ili nisionekane mjanja. Nilinunua pia sensa ya oksijeni ya mtumba, ile inayonusa moshi wa injini, kwa shilingi 1,000, nikiamini yangu imechoka. Haikubadilisha hata nukta. Sensa ya namna hiyo huchakaa kwa kazi, na ile niliyonunua ilikuwa imefanya kazi kwenye gari lililokufa; sijui nilitegemea nini. Chukua yadi vitu vinavyochakaa kwa ajali na kutu: rimu, mabano, swichi unayoweza kuipima, pedali, mita, giaboksi unayoweza kuizungusha kwa mkono. Acha vinavyochakaa kwa kufanya kazi. Na sumaku zinazouzwa za kufunga kwenye bomba la petroli, ziache kabisa. Kazi yake pekee niliyoiona ni kushikilia misumari.

Jambo jingine kuhusu yadi. Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara ya vyuma chakavu nchini baada ya nguzo za umeme kuharibiwa, na ingawa ilifunguliwa tena, wenye yadi wengi hawajasahau hofu ile. Iheshimu. Omba risiti, hata ya mkono. Omba kuona gari lililotoa spea. Anayekuuzia kioo cha pembeni kilicho safi mno bila gari la kukionesha, kesho atauza chako.

Sasa giaboksi.

Starlet ziliacha kutengenezwa 1999, Vitz ikachukua nafasi yake, na Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Maana yake hakuna Starlet mpya inayokuja. Zilizopo barabarani zinaishi kwa viungo vya zilizokufa, na kila mwaka zilizokufa zinapungua kwa sababu zinakatwa kuwa chuma cha kuyeyushwa. Kisumu nilitafuta giaboksi ya gia tano miezi miwili nikakosa. Nikaipata Nakuru, upande wa viwandani, ikiwa bado kwenye EP82 nyeupe ambayo ubavu wake mmoja ulikuwa umeingia ndani kama bati lililopigwa teke.

Wenye yadi walitaka 18,000 kwa vyote: giaboksi, flaiwili, pedali ya klachi na mabano yake, kijiti cha gia na kebo zake, na shafti mbili za magurudumu, maana za otomatiki haziingii. Nikasema nitalipa baada ya kuhesabu.

"Kuhesabu nini, mzee?"

Giaboksi ilikuwa chini juu ya gunia. Niliweka gia ya tano, nikachora mstari wa chaki kwenye shafti ya kuingilia na kwenye tundu zote mbili za kutokea, kijana mmoja akazungusha kwa koleo. Mara ya kwanza hesabu ilikataa kabisa. Tundu moja lilikuwa linazunguka haraka na jingine limesimama. Nikakumbuka: hiyo ndiyo difu yenyewe, kazi yake ni kugawa mzunguko kwa magurudumu mawili, moja likigoma, jingine linapokea mara mbili. Nikavitia vipande vya mti vyote viwili na kuvishika viende pamoja. Mzunguko mmoja wa kuingilia, wa pili, wa tatu, na chaki ya kutokea ikarudi juu karibu kabisa na pale ilipoanzia. Tatu kwa moja. Ukiwa na tairi lenye mzingo wa mita 1.8 hivi, kasi ya 80 inakuja injini ikizunguka mara 2,200 na kitu kwa dakika. Nilijaribu gia zote, nikanusa oili (oili iliyoungua ina harufu usiyoisahau), nikapitisha sumaku kwenye nati ya kumwagia kuona kama kuna meno ya chuma. Hakukuwa ila unga mweusi wa kawaida. Nikalipa.

Kurudi Kisumu ni kilomita 180 na ushei, na giaboksi haina nauli rasmi. Kondakta alisema hiyo ni abiria mzima na tena mnene. Tukaelewana kwa nusu nauli, ikapanda nyuma juu ya magunia ya mtu wa kabeji, na kufikia Kericho ilikuwa imedondosha oili kidogo kwenye kabeji mbili. Nilizinunua. Tulizila.

Jaduong' na kijana wake walifanya kazi siku mbili. Klachi tuliweka mpya, diski na presha pleti na beringi, 6,500, kwa sababu kazi ya kushusha giaboksi ni ileile na hakuna mtu mwenye akili anayeifanya mara mbili kwa kubania diski. Mabomba mawili yaliyokuwa yakipeleka oili ya otomatiki kupozwa kwenye radieta yalizibwa. Jumapili saa kumi na mbili na nusu jioni kila bolti ilikuwa mahali pake. Nikakaa, nikakanyaga klachi, ambayo mguu wangu wa kushoto ulikuwa umeisahau, nikageuza ufunguo.

Kimya. Hata tik haikusema.

Jaduong' akalaumu stata. Wakaifungua, wakaijaribu kwa waya moja kwa moja kwenye betri, ikazunguka. Wakalaumu betri. Giza likaingia, mbu wa Kisumu wakafika kazini, mimi nikawa nimeketi kwenye ndoo najiona nilivyotupa pesa. Ni yule kijana wa spana, ambaye siku mbili nzima alikuwa hajasema zaidi ya "ndiyo" na "shika hapa", aliyeuliza: "Otomatiki si huwa inawaka kwenye P na N peke yake? Hiyo swichi iko wapi?" Iko kwenye giaboksi ya zamani, chini ya mti. Imeondoka na mwenyewe. Gari lilikuwa bado linasubiri kuambiwa kwamba liko kwenye P, yaani limeegeshwa. Kijana akaunganisha zile waya mbili nene, nikageuza ufunguo, likawaka. Nilimpa mia tano yake mwenyewe mbali na ya fundi.

Ubaya wa kuunganisha waya namna hiyo ni kwamba gari sasa linawaka hata likiwa kwenye gia. Nilimwambia mke wangu. Nadhani nilimwambia. Wiki iliyofuata aliingia kulisogeza, akageuza ufunguo likiwa kwenye gia ya kwanza, nalo likaruka kama mbuzi na kulikumbatia pipa la maji la lita mia mbili. Pipa lilikufa, bampa ilipona. Siku hizi kuna swichi kwenye pedali ya klachi, kutoka yadi ileile ya Kibuye, na hakuna anayezungumzia pipa.

Baada ya giaboksi, mita ya Benzi ilinichanganya. Mshale ulianza kuingia kwenye wekundu mara nyingi kuliko zamani, hasa nikipanda Kiboswa kwa gia ya nne. Nilidhani nimeharibu. Kumbe ile mita haipimi petroli, inapima mvuto. Injini inayozunguka taratibu huku mlango wake wa hewa uko wazi haihangaiki kunyonya hewa kupitia tundu jembamba, na vyuma vyake vinasuguana mara chache kwa kila kilomita. Mita inaona mvuto umekufa na kupiga kelele, lakini tangini mafuta yanabaki.

Na wale wanaoteremka Kiboswa kwa nyutro wakidhani wanaokoa mafuta: kwenye injini ya sindano mambo ni kinyume. Ukiwa ndani ya gia na umeachia mguu, magurudumu ndiyo yanayozungusha injini na kompyuta inakata petroli kabisa. Ukitupa nyutro, injini inabidi ijilishe yenyewe isizime. Unalipia petroli ili upate nafasi ya kuunguza breki.

Daftari likasoma 15.3. Nilitembea nalo wiki nzima nikilionesha watu. Kwenye chumba cha walimu nilisema giaboksi ndiyo mwamba: thamostati iliniongezea kilomita 1.4 kwa lita, giaboksi 2.1. Mwalimu wa hesabu, mtu wa maneno machache, aliomba daftari akakaa nalo kipindi kizima. Aliporudisha alikuwa ameongeza safu moja kwa penseli. Hakuandika kilomita kwa lita. Aliandika lita kwa kila kilomita 1,000, yaani kwa mwezi wangu.

Mwanzo, lita 99. Baada ya thamostati, 87. Breki na rimu, 80.6. Mita ya Benzi, 75.8. Giaboksi, 65.4.

Hebu soma tena. Thamostati ya shilingi mia, na vikorokoro vyake, jumla 1,550, iliniokolea lita 12 kwa mwezi. Giaboksi, ukihesabu klachi, oili ya 1,600 na fundi wa 8,000, na kutoa 9,000 niliyoiuza ile otomatiki, ilinigharimu 25,100, na imeniokolea lita 10.4. Kilomita kwa lita inakudanganya, kwa sababu gari likishakuwa zuri kila kilomita ya nyongeza inakuwa na petroli kidogo ndani yake. Nafundisha fizikia miaka kumi na moja na ilibidi nioneshwe kwa penseli.

Giaboksi siijutii. Kupanda Kiboswa kwa gia ninayoichagua mwenyewe ni raha ambayo haina safu kwenye daftari. Ila siku hizi mtu akinijia na gari linalokunywa, simwulizi ana gia ngapi. Namwuliza mshale wa joto unakaa wapi.

Nilijumlisha kila kitu, hata ile sensa ya kipumbavu: 33,750. Nikamwonesha mke wangu nikitegemea pongezi. Akasoma kuanzia juu hadi chini kwa kidole, akafika mwisho, akanirudishia daftari.

"Kuna kitu hujaandika."

Nikaandika: sufuria, 650. Jumla, 34,400.